Bwana Waruinge na Bei ya Ngumi Zake

Mkulima wa kahawa wa Meru au Embu hupeleka matunda yake mekundu kiwandani mwenyewe, akiyabeba katika gunia au debe. Huyachagua mbele ya karani wa mizani, mabovu upande huu na mazima upande ule, kisha hupimiwa na kupewa stakabadhi. Toka hapo mali yake humponyoka. Huoshwa, huanikwa, hukobolewa, na kwa kila kilo sita au saba alizoleta hubaki kilo moja tu ya kahawa safi. Halafu waonjaji wa Nairobi, watu wasiopata kuliona shamba lake, huionja kwa kijiko, huitema, na huandika alama. Alama hiyo ndiyo huamua. Miezi hupita kabla mkulima hajaarifiwa jasho lake limepata shilingi ngapi, na makato yake ni kiasi gani.

Kahawa ilianza kupandwa na Waafrika wa Meru na Embu katika miaka ya 1930, kwa hiyo mambo hayo yanajulikana huko tangu enzi za mababu. Mtu anayeyajua hatapata taabu kuifahamu habari ya Bwana Philip Waruinge, mpiga ngumi wa Nakuru, ingawa yeye hakujulikana kwa kahawa. Yeye aliuza kazi ya mikono miwili na miguu miwili, na kila mara alama iliandikwa na watu wengine.

Nakuru ni mji wa reli, na kwa miaka mingi ulisifiwa kwa masumbwi kuliko mji wowote wa Kenya isipokuwa Nairobi. Ukumbi wa mazoezi wa huko uliitwa Madison Square Garden, kwa jina la ukumbi mkubwa wa New York. Jina hilo laweza kuchekesha, maana mambo ya New York na ya Nakuru ni mbali mbali. Lakini vijana waliotoka mle hawakuwa watu wa kuchekwa.

Waruinge alizaliwa mwaka 1945. Mwaka 1964, alipokuwa kijana wa miaka 19, alichaguliwa kwenda Tokyo katika Michezo ya Olimpiki. Alipigana katika uzito mdogo sana, wa kilo 51, yaani kama ratili 112. Huko hakufika mbali. Wengi hurudi nyumbani baada ya jambo kama hilo wakatafuta kazi nyingine. Yeye alirudi mazoezini, akaongezeka mwili, na miaka miwili baadaye, mwaka 1966, akaenda Kingston katika kisiwa cha Jamaica kwa michezo ya nchi za Dola na Jumuiya ya Madola. Sasa alikuwa katika uzito wa unyoya, kilo 57, na aliporudi alikuwa na nishani ya dhahabu.

Yafaa kueleza hapa jinsi mchezo huo unavyohukumiwa, maana bila hilo habari iliyobaki haitaeleweka. Wapiga ngumi wa ridhaa, wale wasiolipwa, walipigana raundi tatu, kila raundi dakika tatu. Jumla dakika tisa. Waamuzi watano waliketi kuuzunguka ulingo, kila mmoja na karatasi yake. Mtu akimwangusha mwenzake asiinuke mpaka hesabu ya kumi, karatasi hazina kazi. Lakini kama wote wawili wamesimama kengele ya mwisho ikilia, basi watu watano wamekwisha kuamua, na yatosha watatu kuwa upande mmoja. Aliyepigwa kwa karatasi tatu dhidi ya mbili amepigwa sawasawa na yule aliyepigwa kwa tano bila. Wale wawili waliomwona kuwa mshindi huondoka na maoni yao.

Mwezi wa Oktoba, 1968, Michezo ya Olimpiki ilifanyika Mexico, katika mji mkuu ulio futi 7,300 na zaidi juu ya bahari. Wazungu wengi walilalamika kwamba hewa ya huko ni nyepesi na pumzi hazitoshi. Wakenya hawakulalamika. Kipchoge Keino, Naftali Temu na Amos Biwott walileta dhahabu tatu kwa kukimbia, na kwa jumla Kenya ilipata nishani tisa. Nane kati yake zilikuwa za mbio. Ile ya tisa ilikuwa ya ngumi, ya shaba, nayo ilikuwa nishani ya kwanza ya Olimpiki ambayo Mkenya aliipata ulingoni. Aliyeivaa ni Waruinge.

Lakini namna alivyoipata nishani hiyo ya shaba ndilo jambo lenye kuzungumzwa. Alikuwa amefika nusu ya fainali, na aliyempata mbele yake ni Antonio Roldán, kijana wa Mexico, katika mji wa Mexico, mbele ya watu wa Mexico. Wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe; hajifichi hata akitaka. Dakika tisa zilikwisha, wote wawili wakiwa wima. Waamuzi watatu wakampa Roldán, wawili wakampa Waruinge. Katika fainali Roldán alipambana na Mmarekani Albert Robinson, na Robinson akatolewa kwa kosa la kutumia kichwa. Hivyo dhahabu ikabaki Mexico.

Hapo habari ingekwisha, kama zilivyokwisha habari za wengi waliopunjwa, au waliodhani wamepunjwa. Lakini kuna kombe moja, liitwalo Kombe la Val Barker kwa jina la Mwingereza mmoja aliyekuwa mtumishi mkubwa wa mchezo huo. Tangu mwaka 1936 kombe hilo lilitolewa katika Michezo ya Olimpiki kwa mpiga ngumi mmoja tu: yule aliyeonyesha ufundi bora kuliko wote, wa uzito wowote na wa nchi yoyote. Kwa kawaida hupewa mtu mwenye dhahabu shingoni. Mwaka ule walikuwapo wenye dhahabu wengi, na mmoja wao alikuwa George Foreman wa Marekani, jitu la uzito wa juu ambalo baadaye lilipata kuwa bingwa wa dunia. Kombe halikupewa Foreman, wala Roldán. Alipewa Waruinge, mtu wa shaba.

Fikiri jambo hilo kwa utulivu. Watu wa masumbwi walisema, mbele ya dunia nzima, kwamba mpiga ngumi bora kuliko wote waliofika Mexico ni yule ambaye walikuwa wamemwambia siku chache kabla kwamba ameshindwa. Ni sawa na waonjaji kuandika kwamba gunia fulani ni la daraja la tatu, kisha wakalipa gunia hilo hilo zawadi ya kahawa bora ya mwaka. Mkulima angefurahi kwa zawadi. Lakini angeuliza malipo yake yatafuata karatasi ipi.

Kabla ya Waruinge ni mtu mmoja tu aliyewahi kulipata kombe hilo bila dhahabu, naye ni Louis Lauria wa Marekani, mwaka 1936. Baada yake alikuwa Roy Jones, Mmarekani pia, mwaka 1988 huko Seoul, katika hukumu iliyoleta kelele nyingi kuliko zote. Na kati ya wote waliolipata toka 1936 mpaka Michezo ya Rio ya 2016, Mkenya ni Waruinge peke yake.

Aliendelea na ridhaa miaka minne zaidi. Mwaka 1970 alikwenda Edinburgh, Uskochi, akachukua tena dhahabu ya Jumuiya ya Madola katika uzito ule ule wa unyoya. Mwaka 1972 alikwenda Olimpiki ya tatu, mjini Munich, akiwa na umri wa miaka 27. Kikosi cha Kenya mwaka ule kilikuwa imara: Samuel Mbugua na Dick Murunga kila mmoja alipata shaba. Waruinge akapita wote mpaka fainali, akakutana na Boris Kuznetsov wa Urusi ya Kisovieti. Dakika tisa zilikwisha. Karatasi tatu kwa Kuznetsov, mbili kwa Waruinge.

Kwa hiyo, katika Olimpiki mbili, mwamuzi mmoja angebadili kalamu yake kila mara, Waruinge angefika fainali Mexico na angekuwa bingwa Munich. Haifai kusema kwamba waamuzi wale walikula njama. Hukumu ya tatu kwa mbili maana yake ni kwamba mambo yalikuwa karibu sana, na mtu mwaminifu aweza kuona hivi au vile. Yafaa kusema tu kwamba fedha za mpiga ngumi hutoka katika nishani, na kwamba nishani ya fedha haina bei ya nishani ya dhahabu hata ikiwa tofauti ni alama ya kalamu moja.

Mwaka 1973 alitia sahihi kuwa mpiga ngumi wa kulipwa, akahamia Japani. Watu wa nyumbani walishangaa. Kwa nini Japani? Jibu si gumu. Katika Kenya ya wakati ule masumbwi yalikuwa mchezo wa majeshi, wa polisi, wa reli na wa vijana wa mitaa; mpiga ngumi mzuri aliajiriwa mahali, akapewa mshahara wa kazi yake, na ngumi zikawa za heshima. Soko la fedha nyingi halikuwapo. Japani kinyume chake ilipenda sana mchezo huo, hasa wa watu wa uzito mdogo kama yeye, na ilikuwa na mabingwa wa dunia wa kwake. Basi akaenda palipo soko, kama kahawa iendavyo.

Huko alipewa jina la ulingoni: Waruinge Nakayama. Nusu ni ya kwao, nusu ni ya Kijapani. Kwa desturi ya Japani mpiga ngumi wa kulipwa hawezi kujitegemea mwenyewe. Sharti awe chini ya jumba fulani la mazoezi, na jumba hilo ndilo linalomtafutia mapambano na kupatana bei. Meneja naye ana fungu lake, ambalo desturi ya ngumi imelifanya kama theluthi ya ujira. Tuseme, kwa mfano tu, mtu amepatana shilingi 3,000 kwa pambano moja. Shilingi 1,000 zimekwisha kutoka kabla hajavua glavu. Katika zilizobaki kuna chakula chake cha miezi ya mazoezi, kuna nauli, kuna kodi ya serikali, kuna mganga wa kumshona jicho. Mwanachama wa ushirika aliyewahi kusoma karatasi ya malipo yake kutoka juu hadi chini, akiona jinsi jumla kubwa inavyokuwa ndogo kwa kila mstari, hahitaji kuelezwa zaidi.

Tena kazi yenyewe si ile ile. Pambano la ubingwa wa dunia katika miaka ile lilikuwa la raundi 15, yaani dakika 45 mahali pa dakika tisa. Ufundi wa Waruinge ulikuwa wa mtu mwepesi, wa kugusa na kuondoka, na ndio uliompa Kombe la Val Barker. Mtu wa ufundi huo huchoma akiba yake kwa miguu. Dakika tisa alizimudu kuliko mtu yeyote duniani. Kuhusu dakika 45 yafaa kukumbuka kwamba alizianza akiwa na miaka 28, baada ya kutumia karibu miaka kumi ya mwili wake bora kwa mchezo usiolipwa. Mkahawa hauanzi kuzaa kabla ya mwaka wa tatu, lakini ukianza hukaa miaka mingi. Mwili wa mpiga ngumi huzaa mapema na huchoka mapema.

Hata hivyo alipanda ngazi, na mwaka 1976 ukawa mwaka wake mkubwa. Alipata kupigania ubingwa wa dunia mara mbili katika mwaka mmoja, jambo ambalo hakuna Mkenya aliyewahi kulifikia kabla yake.

Mara ya kwanza ilikuwa tarehe 3 Aprili, mjini Panama. Baraza la Masumbwi la Dunia lilikuwa limeanzisha ubingwa wa uzito mpya, kati ya bantamu na unyoya, ratili 122, na kiti chake kilikuwa kitupu. Aliyepangwa naye ni Rigoberto Riasco. Na Riasco alikuwa mtu wa Panama. Kwa mara nyingine Waruinge aliingia ulingoni nyumbani kwa mwenziwe. Lakini safari hii karatasi za waamuzi hazikuhitajiwa. Pambano lilikatizwa kabla ya raundi ya kumi, na Riasco akawa bingwa wa kwanza wa uzito ule.

Mara ya pili ilikuwa tarehe 13 Novemba, mjini Culiacán, Mexico. Hapa panahitaji maelezo kidogo, maana ndipo penye uchungu. Bingwa alikuwa Carlos Zárate, Mmexico mrefu mwenye mikono mirefu. Hakuwa ameshindwa hata mara moja, na karibu kila mtu aliyepigana naye alikuwa amemwangusha. Alikuwa ameuchukua ubingwa wa bantamu mwezi wa Mei mwaka ule ule. Na bantamu ni ratili 118.

Waruinge alipochukua dhahabu yake ya Edinburgh alikuwa mtu wa ratili kama 126. Sasa, akiwa na umri wa miaka 31, alitakiwa kupanda kwenye mizani akiwa na ratili nane pungufu. Si jambo la kucheza. Wapiga ngumi hupunguza uzito kwa kukimbia wamevaa nguo nzito, kwa kula kidogo, na siku za mwisho kwa kujinyima maji. Na mwili uliopungua hivyo huingia ulingoni siku ile ile au siku ya pili yake. Kijana wa miaka 20 aweza kufanya hivyo akapona haraka. Mtu wa miaka 31 hulipa. Kwa nini basi alikubali? Kwa sababu ubingwa uliokuwa unatolewa ulikuwa wa bantamu, na mtu aliyekwisha kushindwa mara moja hachagui mlango. Hupita ule uliofunguliwa.

Raundi ya nne ikawa ya mwisho. Zárate akabaki bingwa.

Baada ya hapo Waruinge hakupata tena nafasi ya ubingwa wa dunia. Njia aliyoikata, hata hivyo, wengine waliifuata, na yafaa kutaja wawili. Stephen Muchoki alikuwa bingwa wa dunia wa ridhaa mjini Belgrade mwaka 1978, mwaka ule ule aliochukua dhahabu ya pili ya Jumuiya ya Madola huko Edmonton. Olimpiki hakuipata kabisa, kwa sababu Kenya iligoma kwenda Montreal mwaka 1976 na Moscow mwaka 1980, na mpiga ngumi hana sauti katika mambo ya mataifa. Yeye alikwenda kuuza ngumi zake Denmark. Tarehe 5 Novemba, 1982, mjini Copenhagen, alipigania ubingwa wa dunia na Santos Laciar wa Argentina, akasimama mpaka raundi ya 13 kabla ya kuzidiwa.

Wa pili ni Robert Wangila. Huyo ndiye aliyeipata ile dhahabu iliyomkwepa Waruinge: Seoul, mwaka 1988, katika uzito wa welta, alipomwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya pili. Hakuwapa waamuzi nafasi ya kushika kalamu. Na kwa kuwa alikuwa na dhahabu, soko lake lilikuwa kubwa zaidi, Marekani kwenyewe. Tarehe 22 Julai, 1994, mjini Las Vegas, alipigana na David González. Refa alilisimamisha pambano katika raundi ya tisa. Wangila alikasirika, akamlalamikia refa kwamba alikuwa bado na nguvu. Muda mfupi baadaye alizimia. Alifariki tarehe 24 Julai. Alikuwa na umri wa miaka 26.

Kwa hiyo wale wasemao kwamba Waruinge alikuwa na bahati mbaya wapime maneno yao. Alirudi kutoka Panama na kutoka Culiacán kwa miguu yake mwenyewe. Lakini aliyemwona kijana wa 1968 akiingia na kutoka mbele ya Roldán, na kusoma baadaye ile sentensi ndogo ya Novemba 1976, raundi ya nne, hawezi kukosa kujiuliza ngumi zile zingepata bei gani kama zingepelekwa sokoni miaka mitano mapema, katika uzito wake halisi, na mahali pasipo nyumbani kwa mwingine.

Mwezi ule wa Novemba, 1976, ulikuwa mwezi wa mavuno makubwa katika miteremko ya Mlima Kenya. Mwaka mmoja na miezi minne kabla ya hapo, mwezi wa Julai 1975, baridi kali ilikuwa imeanguka katika jimbo la Paraná, Brazil, ikaunguza mikahawa mamilioni kwa mamilioni katika siku chache. Bei ya kahawa ya dunia ilipanda ikaendelea kupanda hadi mwaka 1977. Wakulima waliosimama kwenye foleni za mizani huko Meru na Embu, na madebe yale yale, na mikahawa ile ile waliyoipalilia kwa jembe lile lile, walikuwa karibu kulipwa fedha ambazo baba zao hawakuziona. Hawakuwa wamefanya kazi zaidi ya mwaka uliotangulia. Huko Culiacán, mtu wa Nakuru aliyekuwa amefanya kazi zaidi ya miaka yote alikuwa anafungua bendeji mikononi mwake, akisubiri kuhesabiwa fungu lake.